Setilaiti Iliyosimama Juu ya Nandi

Msomaji, ukipita leo katika mitaa ya Kisumu au Nakuru utayaona madishi ya televisheni juu ya mapaa ya nyumba, nayo yametazama juu kana kwamba yangojea mvua. Lakini katika vitabu vitokavyo Ulaya, dishi huchorwa limesimama ukutani, limetazama upande, kama mtu achunguliaye dirishani. Mimi nilisadiki kitabu cha namna hiyo siku nilipojaribu mara ya kwanza kumwekea mama dishi nyumbani. Nililifunga kwa spana, nikaligeuza pande zote nne tangu asubuhi hata jua likatua, nisipate picha wala sauti. Mama aliniletea chai chini ya ngazi, akanitazama kwa huruma, asinene neno.

Kosa langu lilikuwa la jiografia, wala si la ufundi. Setilaiti za televisheni za namna hii hukaa juu ya Ikweta, kwa kimo cha yapata kilometa 36,000. Nasema hukaa, lakini kwa kweli huenda mbio, kiasi cha kilometa 3 kwa kila sekunde. Ila kwa kuwa huizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia yenyewe hujizungusha mara moja, kwetu sisi ni kama zimetulia mahali pamoja. Mwingereza Arthur C. Clarke alieleza katika gazeti la mafundi wa redio, mwezi wa Oktoba 1945, jinsi vyombo vilivyowekwa katika kimo hicho vingeweza kupeleka habari duniani kote. Wengi waliona hiyo ni ndoto. Miaka 19 baadaye, mwaka 1964, Wamarekani waliiweka Syncom 3 huko juu.

Basi mtu wa London akiitafuta setilaiti iliyoko nyuzi 28 mashariki ya Greenwich, hulielekeza dishi kusini mashariki, nyuzi 25 tu juu ya upeo wa macho. Lakini wewe wa Kisumu ukiitafuta ile iliyoko nyuzi 36 mashariki, huna budi kutazama karibu utosini. (Usidanganywe na uso wa dishi dogo la siku hizi, maana hupokea mawimbi kwa mshazari, na uso wake huinama kuliko njia yenyewe ya mawimbi.)

Sasa nakupeleka India, ingawa safari yetu yaanzia hapa hapa Kenya. Mnamo Mei 1974 Wamarekani walirusha setilaiti iliyoitwa ATS-6, yenye antena ya upana wa mita 9 iliyokunjuka angani kama mwavuli. Mwaka uliofuata waliisogeza mpaka nyuzi 35 mashariki. Fungua ramani yako, uishushe nyuzi hiyo mpaka Ikweta, nawe utaona kidole chako kimetua katika nchi ya Nandi, si mbali na Kapsabet. Naam, chombo kile kilikuwa juu ya vichwa vya wachuma majani ya chai wa Nandi, nao hawakukisikia, kwa sababu mwali wake ulielekezwa India.

Mpango ule ulikuwa umeasisiwa na Vikram Sarabhai, mtaalamu wa India aliyeshikilia kwamba televisheni yafaa iwafikie kwanza watu wa vijijini, wala isingoje mpaka wa mijini watosheke. Serikali yake iliafikiana na Wamarekani mwaka 1969. Yeye mwenyewe alifariki Desemba 1971, asione matunda ya kazi yake.

Tarehe 1 Agosti 1975 matangazo yakaanza, na vijiji 2,400 katika majimbo sita vikayapokea. Dishi la kijijini lilikuwa na upana wa mita 3, nalo lilifumwa kwa wavu wa waya, kama ule wa banda la kuku. Utauliza, mawimbi hayakupenya katika matundu? La. Wimbi lile lilikuwa na urefu wa sentimeta 35 hivi, na tundu la wavu ni dogo mno kwake. Kisha wimbi refu lina huruma kwa mwanafunzi: fundi aliyekosea nyuzi mbili tatu bado alipata picha. Huko Rajasthan walilielekeza dishi kusini magharibi, yapata nyuzi 35 juu ya upeo, yaani walitazama kwetu. Jioni wanakijiji walikusanyika mbele ya televisheni moja, wakafunzwa kilimo na afya kwa lugha zao.

Clarke naye wakati huo alikuwa akikaa Colombo, Sri Lanka, nchi ambayo haikuwa bado na televisheni. Mafundi wa India walimwekea dishi nyumbani kwake, akatazama kwa macho yake jambo aliloliandika miaka 30 nyuma.

Wimbi la siku hizi ni fupi, sentimeta mbili na nusu hivi, na halina huruma ile. Ukikosea uzi mmoja tu, huko juu umepotea zaidi ya kilometa 600. Kwa hiyo, kijana, hakikisha kwanza kwa timazi kwamba nguzo yako imesimama wima. Kisha weka mwinuko, ndipo uligeuze dishi polepole, kidogo kidogo, ukingoja kila mara king'amuzi kipate nafasi ya kutambua mawimbi. Zungusha na kile kichwa cha kupokelea kilicho mbele ya dishi mpaka picha itakate. Mimi niligeuza kwa pupa, nami naamini niliipita setilaiti mara nyingi siku ile.

Makubaliano ya India yalikuwa ya mwaka mmoja tu. Tarehe 31 Julai 1976 matangazo yakakoma, na ATS-6 ikasogezwa kurudi upande wa Amerika. Baadhi ya vijiji vilifikiwa baadaye na minara ya ardhini. Vingine vilibaki na dishi la waya lililotazama kusini magharibi, na televisheni isiyo na la kusema. India ilipata setilaiti yake ya kudumu ya kazi hiyo, INSAT-1B, mwaka 1983.

Dishi la mama nililipata siku ya pili, saa nne asubuhi, baada ya kulilaza. Mama aliliangalia, akaniuliza kama mvua haitajaa ndani.