Swali Hutungwa Wapi? Utafiti wa Kimataifa wa Mtandaoni Ukitazamwa kutoka Dagoretti

Tangu vyuo vikuu vya Kenya vifungwe Machi 2020 kwa sababu ya korona, programu nyingi za kimataifa za utafiti kwa wanafunzi zimejiongezea sehemu ya mtandaoni: semina za pamoja, usimamizi wa tasnifu kwa video, uchambuzi wa data katika seva moja. Watetezi wake huhesabu nauli iliyookolewa na viza zisizohitajika tena. Naona kipimo hicho ni finyu. La kuuliza ni sehemu hiyo imewekwa katika hatua gani ya utafiti.

Dagoretti, eneo la magharibi mwa Nairobi, ilishaliona jambo hili zamani. Chuo Kikuu Pepe cha Afrika (AVU), kilichoanzishwa na Benki ya Dunia mwaka 1997 na kuhamishia makao yake Nairobi mwaka 2002, kilikuwa na ofisi Kilimani, katika Dagoretti Kaskazini. Mwanzoni mihadhara yake ilirushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya ng'ambo. Mwanafunzi wa huku akaketi, akatazama, akaandika. Mitambo ilikuwa ghali, ila kasoro kubwa ilikuwa kwamba maarifa yalisafiri upande mmoja tu. Intaneti ya leo yaweza kurudia kosa lilelile, kwa bei nafuu zaidi.

Linganisha na mradi wa UrbanZoo, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) iliyo upande wa Uthiru, na vyuo vya Uingereza kama Liverpool. Kati ya 2015 na 2016 watafiti walipita katika kaya 99 za Nairobi wakichukua sampuli za watu, mifugo na wanyamapori. Jenomu zaidi ya 1,300 za bakteria wa E. koli zikasomwa. Kazi ya namna hii ina nusu mbili. Kinyesi cha kuku hakichukuliwi kwa Zoom. Jenomu, kwa upande wake, ikishakuwa faili, huchambulika popote, na hapo ndipo mwanafunzi wa kampasi ya Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake wa Liverpool wanapoweza kuwa sawa, mradi wote wawili wana nywila ya seva.

Mara nyingi hali huwa kinyume: Mkenya hupewa dodoso lililokwisha kuandikwa aende mtaani Kawangware, hapa Dagoretti, mgeni hubaki na uchambuzi na jina la kwanza kwenye makala. Mtandao haukuleta ugawaji huo, lakini huurahisishia mgeni, kwa kuwa sasa halazimiki hata kuvuka Barabara ya Naivasha inayopita huko. Sheria ya sayansi ya 2013 hudai leseni ya Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi (NACOSTI), na ile ya ulinzi wa data ya 2019 husimamia taarifa za watu zinazopelekwa nje; hakuna hata moja kati ya hizo inayomlazimisha mshirika kumsikiliza mwanafunzi wa hapa swali linapotungwa.

Kwa hiyo vikao vya mtandaoni vianze kabla ya ombi kwa kamati ya maadili, dodoso lingali rasimu. Fedha za bando ziandikwe katika bajeti kama nauli inavyoandikwa. Na ratiba iache nafasi ya kukatika: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipoharibika, nchi kadhaa za Afrika Mashariki zilipungukiwa intaneti, na semina ya mtandaoni haimngoji mtu.