UZI: Jina lako kwanza, sheria baadaye

1/ Wadau, kila siasa ikipamba moto hapa Eldoret, hoja mbili hugongana. Huyu: "Serikali lazima ijue kila laini ni ya nani." Yule: "Simu yangu ni siri yangu." Wote wana historia nyuma yao. Twende.

2/ Zamani laini uliinunua kama mkate. Hakuna jina, hakuna kitambulisho. Halafu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, meseji za chuki zikasambaa, na sisi wa Uasin Gishu hatuhitaji kukumbushwa kipindi kile. Aliyetuma ni nani? Namba tupu. Ongeza matapeli wa pesa za simu na watekaji nyara wanaopiga kudai fidia.

3/ 2009 serikali ikatangaza usajili. 2010 kazi ikaanza chini ya tume ya mawasiliano, CCK. Siku ya mwisho ikawa 31 Desemba 2012, kisha laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa.

4/ Sasa angalia tarehe. Katiba ya Agosti 2010, kifungu cha 31, ilitupa haki ya faragha, hata ya mawasiliano. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ilitiwa saini Novemba 2019, na Kamishna wa Data akaapishwa Novemba 2020. Miaka kumi hivi! Muda huo wote majina na namba za vitambulisho vyetu zilikaa kwa kampuni na kwenye madaftari ya maajenti, bila ofisi maalum ya kuzilinda.

5/ Juni 2021 watu walikagua rekodi mtandaoni wakajikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Namba zao za vitambulisho zilitoka wapi? Wengi walishuku yale madaftari tunayoandika majina kila siku, dukani na getini.

6/ 2022 tukaambiwa tuhakikishe usajili upya, mwisho 15 Aprili, ikasogezwa hadi 15 Oktoba. Safari hii angalau kulikuwa na sheria, na ofisi ya kupeleka malalamiko.

7/ Msimamo wangu: usajili si adui. Mama aliyetapeliwa akiba yake ana haki aliyempigia ajulikane. Lakini mwanasiasa akikuambia "ni kwa usalama wenu", muulize: nani anaruhusiwa kufungua hilo daftari, na kwa amri ya korti au kwa kupiga simu tu? Na akilifungua bila ruhusa, nani atamshtaki? Hapo kwa swali la mwisho usimwachilie mpaka ajibu.