Riale ya 1780 na Thamani ya Sarafu Zilizopigwa Upya

Wakusanyaji wengi wa sarafu huzidharau zile zilizopigwa upya kwa mihuri ya zamani, wakidai kuwa tarehe zake ni za uongo. Riale ya Maria Theresa inapinga dharau hiyo. Mtawala huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, na tangu hapo sarafu yake imeendelea kupigwa ikiwa na mwaka huohuo, kwa sababu wafanyabiashara wa Uhabeshi, Uarabuni na Zanzibar waliiamini sura waliyoizoea. Hakuna aliyepunjwa: uzito ulibaki takriban gramu 28, na sehemu 833 kati ya 1,000 zilikuwa fedha halisi. Tarehe ilikuwa dhamana ya ubora, wala si madai ya umri.

Wapo watakaouliza: kama zote zinafanana, mkusanyaji atajifunza nini? Atajifunza mengi, kwa kuwa hazifanani kabisa. Akitazama kwa lenzi manyoya ya mkia wa tai aliyechorwa kwenye sarafu na lulu za bizimu begani mwa Maria Theresa, ataona tofauti zinazosaidia kutambua mahali sarafu ilipopigwa. Mwaka 1935 Italia, ikijiandaa kuivamia Uhabeshi, ilipata mihuri kutoka Austria ikaanza kuzipiga Roma. Mwaka uliofuata London nayo ikaanza kupiga zake. Ushindani huo wa madola haumo katika tarehe. Umo katika manyoya na lulu. Kwa hiyo sarafu iliyopigwa upya ni ushahidi kamili wa wakati wake, mradi muuzaji aitaje wazi jinsi ilivyo.