Mafunzo ya fundi wa nyaya za umeme

Nchini Kenya, mafundi wa nyaya za umeme hufunzwa katika taasisi ya Kenya Power iliyoko Ruaraka, Nairobi, na katika vyuo vya kiufundi. Kukwea nguzo, ambako wageni huogopa, huzoeleka upesi. Somo gumu ni subira. Laini ya kusambazia umeme hubeba volti 11,000 au 33,000, na kuizima hakutoshi: jenereta ya mteja mmoja, ikiunganishwa ovyo, yaweza kurudisha umeme kupitia transfoma. Kwa hivyo mwanagenzi hupima kwanza, kisha huunganisha nyaya na ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi, ndipo aguse. Wanaoshughulikia laini ingali na umeme husomea zaidi matumizi ya glavu na vijiti visivyopitisha umeme.