Nataraja: Mfalme wa Ngoma

Miongoni mwa majina mengi ya Shiva, mungu wa Wahindu, limo la Nataraja, yaani Mfalme wa Ngoma. Sura hii ilipata umbo lake mashuhuri katika nchi ya Watamil, kusini mwa Bara Hindi, zama za wafalme wa Chola, baina ya karne ya 9 na ya 13. Mafundi walitengeneza kwanza sanamu ya nta, wakaifunika kwa udongo na kuitia motoni. Nta ilipoyeyuka na kutoka, shaba ilimiminwa mahali pake, kisha kalibu ikavunjwa. Kwa hiyo kila sanamu ilikuwa ya pekee.

Kila kiungo cha sanamu hiyo kina maana. Mkono mmoja umeshika ngoma ndogo, ambayo mlio wake ni mwanzo wa viumbe. Wa pili umebeba moto, nao ni mwisho wao. Mkono wa tatu umeinua kiganja kumwambia mja asiogope, na wa nne waelekea mguu ulioinuliwa, ulio kimbilio lake. Chini ya mguu mwingine amelala mbilikimo Apasmara, yaani ujinga: amekanyagwa, lakini yu hai.

Karne ya 20 iliipeleka sura hii mbali na mahekalu. Mwaka 1918 Ananda Coomaraswamy, mwanachuoni mzaliwa wa Colombo, aliwafasiria wasomaji wa Magharibi maana ya ngoma hiyo. Mwaka 2004 serikali ya India ilitoa Nataraja mwenye kimo cha mita 2 kuwa zawadi kwa CERN, kituo cha utafiti wa chembe za atomu kilichoko Geneva. Hapana shaka hiyo ni heshima kubwa. Lakini je, mungu aliyegeuzwa kuwa mfano wa elimu au pambo la makumbusho angali mungu?

Swali hilo lilifika hata mahakamani. Mwaka 1976 Nataraja wa shaba alifukuliwa katika kijiji cha Pathur, penye magofu ya hekalu la Shiva. Aliuzwa kwa siri, akafikishwa London, na mwaka 1982 akanunuliwa na kampuni ya Canada kabla ya kushikwa na polisi. Katika sheria ya India mungu wa hekalu aweza kumiliki mali na kushitaki. Mahakama za Uingereza nazo zilikubali hekalu lile, ijapokuwa gofu, liwe mdai. Mwaka 1991 rufani ya kampuni ilishindwa, na sanamu ikarudishwa India.

Waliomdai hawakudai pambo. Kwa Mhindu, sanamu iliyowekwa wakfu ni bwana wa nyumba: huamshwa, huogeshwa na kupewa chakula. Huko Chidambaram, mara mbili kwa mwaka Nataraja hutolewa chumbani mwake, akapandishwa garini, na waumini wakavuta kamba. Maana ya ngoma yake wameipokea kwa kumtumikia, na wengi wao hawajasoma kitabu chochote juu yake.