Theluji Ikianguka Washington, Nani Aondoke Saa Ngapi?

Alasiri ya Januari 13, 1982, watumishi wa serikali jijini Washington waliruhusiwa kuondoka kazini mapema. Theluji ilikuwa ikimwagika kwa nguvu na wakubwa waliona ni busara watu wawahi makwao. Tatizo ni kwamba wote waliwahi pamoja. Ilipogonga saa kumi jioni, Daraja la 14th Street, linalovuka Mto Potomac kuingia Virginia, lilikuwa limesheheni magari yasiyosogea. Muda huohuo ndege ya Air Florida, Boeing 737 iliyokuwa ndiyo kwanza imeruka kutoka uwanja wa National huku mabawa yake yana barafu, ilishindwa kupaa. Ililipiga daraja, ikayaparuza magari saba, ikatumbukia mtoni. Watu 78 walikufa. Wanne kati yao hawakuwamo ndegeni. Walikuwa kwenye foleni ya kurudi nyumbani.

Ndege ilianguka kwa sababu zake, na wachunguzi walizieleza kwa kirefu. Foleni nayo ilikuwa na sababu yake. Magari ya wagonjwa yalishindwa kupita barabarani, mengine yakapanda njia ya waendao kwa miguu mbele ya White House. Nusu saa baada ya ndege kuanguka, treni ya chini ya ardhi iliacha reli katikati ya jiji, wakafa watatu. Hao walikuwa abiria wa kwanza kufa katika ajali ya reli hiyo tangu ifunguliwe mwaka 1976. Kwa hiyo, katika saa moja, jiji lilipoteza moja ya madaraja yake makubwa, uwanja wake wa ndege na njia moja ya reli yake, wakati maelfu ya watu wako njiani.

Miongoni mwao alikuwamo Lenny Skutnik, mtumishi wa ofisi ya bajeti ya Bunge la Marekani, aliyekuwa akirejea nyumbani katika gari moja na wenzake. Alisimama ukingoni pamoja na umati, akamwona mwanamke aliyenusurika kwenye ndege akishindwa kuishika kamba ya helikopta ya uokoaji, akavua koti na viatu, akajitosa kwenye maji ya barafu na kumtoa. Wiki mbili baadaye Rais Reagan alimketisha kwenye roshani ya Bunge wakati wa hotuba yake ya mwaka, na marais waliofuata wameendelea kualika mashujaa namna hiyo hadi leo. Ni ruhusa ileile ya mapema iliyomfikisha Skutnik mtoni kwa wakati, na ndiyo iliyowaweka wale wanne darajani.

Asiyeishi kwenye theluji anaweza kudhani hofu yote inatokana na theluji yenyewe. Kumbe kikubwa ni saa. Siku ya kawaida watumishi hutoka kwa mafungu, kuanzia saa tisa alasiri hadi jioni, na barabara huwameza kidogokidogo. Tangazo la ruhusa huyakusanya mafungu yote kuwa moja. Magari ya kukwangua theluji na kumwaga chumvi, ambayo yangeisafisha njia, hukwama katikati ya foleni ileile yanayotakiwa kuiondoa. Mkazi wa Dar es Salaam anayeijua Jangwani ikifurika, Barabara ya Morogoro ikafungwa na kila mtu akakimbilia njia zilizobaki, hahitaji kuelezwa zaidi.

Uamuzi wa kufunga au kufungua ofisi za serikali kuu katika eneo la Washington uko mikononi mwa idara ya utumishi ya serikali hiyo, OPM. Usiku wa dhoruba, maofisa wake huzungumza kwa simu ya pamoja na watabiri wa hali ya hewa, wahandisi wa barabara, wasimamizi wa treni na mabasi, na wakuu wa wilaya jirani. Lengo ni kwamba ikifika saa kumi alfajiri tangazo liwe limetoka, kabla mtu wa mbali hajawasha gari. Uamuzi wa alfajiri una nafuu yake, kwani watu bado wako vitandani. Ule wa mchana ndio unaowatoa watu jasho kwenye baridi.

Dawa nyingine ya foleni ni watu kufanyia kazi nyumbani, ingawa wazo hilo lilipoanza halikuwa na habari na dhoruba. Mwaka 1973, Jack Nilles, mtaalamu wa masuala ya anga aliyehamia Chuo Kikuu cha Southern California, alifanya majaribio na kampuni ya bima ya Los Angeles kuona kama wafanyakazi wangeweza kufanyia kazi karibu na makwao badala ya kuteseka kwenye foleni. Mwaka huohuo mafuta yakaadimika. Mwaka 1979 mchumi Frank Schiff aliandika katika Washington Post kwamba kufanyia kazi nyumbani kungeokoa petroli. Serikali ilisikiliza polepole, kama serikali zisikilizavyo.

Kilichoiharakisha ni Februari 2010. Dhoruba iliangusha sentimita 82 za theluji kwenye uwanja wa ndege wa Dulles, nyingine ikafuata siku chache tu baadaye. Ofisi za serikali zilifungwa siku nne mfululizo. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba siku moja ya kufunga hula dola milioni 100. Safari hii John Berry, mkurugenzi wa OPM, alitaja milioni 71, kwa maelezo kwamba baadhi ya watumishi waliendelea kufanya kazi wakiwa nyumbani. Tofauti hiyo ya milioni 29 ilizungumza kuliko hotuba yoyote. Desemba 9 mwaka huohuo Rais Obama alisaini sheria iliyoitaka kila idara iwe na utaratibu wa kazi ya mbali.

Sheria ilikuwa haijatimiza miezi miwili dhoruba ilipoijaribu. Januari 26, 2011, OPM iliwaruhusu watumishi kuondoka saa mbili kabla ya muda wao wa kawaida. Mvua ilitangulia, ikaosha chumvi iliyokuwa imemwagwa barabarani. Kisha theluji ikashuka kwa ghafla, pamoja na ngurumo na radi, wakati magari tayari yamejaa njiani. Waliozoea kufika kwa nusu saa walitumia saa nane njiani, wengine hata kumi na zaidi. Kwenye barabara inayoambaa na Potomac watu waliacha magari wakatembea gizani. Obama mwenyewe, akitoka Wisconsin, alikuta helikopta yake haiwezi kuruka, na msafara wake wenye ving'ora ulitumia kama saa nzima kutoka uwanja wa Andrews hadi White House.

Lawama zilimwagika, na OPM ikabadilisha matangazo yake. Sasa iliweza kutaja saa ya mwisho ambayo kila mtu lazima awe ameondoka, kuamuru watu watoke papo hapo, au kuwaambia wabaki humo humo ofisini hadi njia zifunguke. Hilo la mwisho linawaudhi wengi, lakini kwangu ndilo la akili kuliko yote. Atlanta haikujifunza: Januari 28, 2014, kwa theluji ya sentimita chache tu, shule, kampuni na ofisi za serikali zilifunga karibu wakati mmoja, na mamia ya watoto wakalala shuleni.

Kompyuta nayo ilileta hesabu yake. Kanuni zilizotolewa Aprili 2018 zilisema kwamba mtumishi mwenye mkataba wa kazi ya mbali, kwa kawaida, hapati likizo ya dhoruba ofisi ikifungwa. Anafanya kazi mezani kwake. Ikiwa utabiri ulionya tangu jana naye akaacha kompyuta ofisini, anaweza kunyimwa likizo hiyo kwa kutojiandaa. Akiruhusiwa mapema mchana, anaweza kulipwa muda wa safari pekee, na akifika nyumbani amalizie saa zilizobaki. Asiye na mkataba, aliye na cheo kilekile kwenye chumba kilekile, hupumzika kwa malipo kamili.

Januari 6, 2025, theluji ilifunga tena ofisi za Washington, ingawa Bunge lilikutana kuidhinisha matokeo ya uchaguzi wa rais. Wiki mbili baadaye Rais Trump aliagiza watumishi warudi ofisini siku zote za kazi. Agizo lilikusudia kukomesha starehe ya nyumbani. Kwa kanuni zile za 2018, idara itakayofuta mikataba hiyo kabisa itakuwa imewarudishia watumishi wake siku ya mapumziko kila theluji itakapofunga milango.