Draiva: wachezaji wa gofu wanatafuta nini kweli?



Kwetu Lubumbashi mtu akisema "naenda Golf", hakuna anayefikiria mchezo. Golf ni kartie: uko Golf Météo ao uko Golf Malela, unashuka ku arret, unaingia nyumbani, basi. Watu mingi wamezaliwa pale na hawajashika fimbo ya gofu hata siku moja. Leo lakini nataka tuongelee mchezo wenyewe, na ndani ya mchezo huo paka fimbo moja, ile Waingereza wanaita draiva. (Usifikirie shofere wa gari, ingawa kwa Kiingereza ni neno moja.)

Kwa nini mtu wa agronomia aandike juu ya fimbo ya matajiri? Kwanza, juu historia yake kwa muda mrefu ilikuwa historia ya miti. Pili, inagusa swali ambalo sisi wa kilimo tunakutana nalo kila siku ku terrain: mtu akichagua kifaa, anachagua kwa kufuata nini? Kile anachosema kwa mdomo, ao kingine?

Mchezaji wa gofu eko na haki ya kubeba fimbo 14 tu, hiyo kanuni ni ya miaka ya 1938 na 1939. Draiva ndiyo ndefu kuliko zote. Unaitumia wakati wa kuanza, mpira ukiwa umesimamishwa juu ya kijiti kidogo, na lengo ni kuutupa mbali. Muulize mchezaji yeyote anataka nini ku draiva, atakujibu haraka: umbali. Nimesoma historia ya hii fimbo na jibu hilo mimi silikubali sana. Umbali upo, ndiyo. Lakini ukiangalia nini watu walinunua na nini walitupa, unaona kitu kingine: walitafuta fimbo inayowaondolea woga.

Tuanzie Uskoti. Mu mji wa St Andrews, mwanzo wa karne ya 19, fundi mwenye sifa alikuwa Hugh Philp. Vichwa vya fimbo zake vilikuwa virefu na vyembamba, vya mti wa mtofaa, wa peasi ao wa miiba, kazi safi kabisa. Mpira wa wakati ule ulikuwa ngozi iliyoshindiliwa manyoya ya ndege. Ulikuwa mwepesi na ghali, na mvua ikiunyeshea unaharibika. Kufika 1848, ikaja mipira ya gutta-percha, utomvu mgumu wa mti wa Asia ya kusini-mashariki. Ilikuwa bei ya chini na ilidumu, lakini ilikuwa migumu, na fimbo nzuri za zamani zikaanza kupasuka. Mafundi wakafupisha vichwa, wakavinenepesha, wengine wakabandika kipande cha ngozi pale mpira unapogonga. Wakati huo swali lilikuwa jepesi: fimbo hii itavunjika ao haitavunjika? Mtu anayeogopa kuvunja fimbo hapigi kwa nguvu zake zote.

Jibu lilitoka Marekani na lilikuwa mti: persimmon, kwa kisayansi Diospyros virginiana. Waliosoma botaniki pamoja nasi watatambua hilo jina la kwanza. Ni jamaa moja na ebene ya misitu yetu, Diospyros crassiflora, na moja pia na lile tunda la kaki. Mbao yake ni ngumu, laini ku mkono, na inavumilia kugongwa mara elfu bila kuchanika. Ndiyo maana viwanda vya nguo pia viliitumia kwa kutengeneza vyombo vya kupitisha uzi mu mashini. Tangu karibu mwanzo wa karne ya 20 mpaka miaka ya 1980, kichwa cha draiva nzuri kilikuwa persimmon. Walikata kipande, wakakikausha polepole, wengine wakakiingiza mu mafuta ya kitani kisinywe maji. Hapo katikati mpini nao ulibadilika: mti wa hickory ulipisha chuma, ambacho wakubwa wa gofu wa St Andrews walikikubali 1929. Sitakaa sana hapo.

Nikae zaidi ku Sam Snead. Kijana wa milima ya Virginia, baadaye akashinda mashindano 82 ya PGA Tour, rekodi ambayo Tiger Woods ameifikia lakini hajaipita. Mwanzo wa 1937 Snead alikuwa na nguvu ya kutisha, lakini mpira wake ulikuwa unakimbilia kushoto, anapotea porini. Mwenzake Henry Picard akamuonyesha draiva moja nzito, yenye mpini mgumu usiopinda ovyo. Snead akaipiga, mpira ukaenda sawa. Akainunua kwa dola 5 na senti 50. Mwezi uleule akashinda mu Oakland, na fimbo hiyo alibaki nayo kwa miaka, anairekebisha kila inapochoka, hataki kuiacha.

Muangalie vizuri: Snead hakuwa na shida ya umbali! Alikuwa anatupa mbali kuliko karibu wote. Alichonunua ni kusimama mbele ya mpira bila kujiuliza utaenda wapi. Wachezaji wengine wakubwa wa enzi ya mbao walifanya vilevile, wakishikilia fimbo moja miaka na miaka kama mzee na kofia yake, juu vipande viwili vya mti havifanani hata siku moja. Nyuzi za mbao, uzito, sauti, kila kichwa kilikuwa na tabia yake.

1979 Gary Adams, Mmarekani aliyekuwa muuzaji wa vifaa vya gofu, alikopa dola 24,000 kwa kuweka nyumba yake rehani, akaanzisha TaylorMade mu jimbo la Illinois. Bidhaa yake ilikuwa draiva ya chuma, tupu ndani. Wachezaji waliibatiza "persimmon ya Pittsburgh", juu Pittsburgh ni mji wa viwanda vya chuma. Watu walicheka sauti yake. Mbao inalia "tok", ile ikalia kama sufuria. 1981 Ron Streck akashinda nayo mu Houston, ushindi wa kwanza wa draiva ya chuma mu PGA Tour, na kicheko kikapungua.

Siri yake si ngumu. Kichwa cha mbao kiko na uzito wake katikati. Kichwa cha chuma kilicho tupu kiko na uzito wake pembeni, ku ganda. Mtu anayebeba fimbo begani na bidoni mbili za maji ku ncha zake, jaribu kumzungusha ghafla: hazunguki haraka. Sogeza hizo bidoni karibu na shingo yake, anazunguka mara moja. Kichwa cha draiva ni hivyohivyo. Ukikosa katikati ukagonga pembeni, kile cha mbao kinajipinda na mpira unakimbilia porini. Kile cha chuma kinakataa kujipinda, na kosa lako linakuwa dogo.

Aliyeelewa hiyo kibiashara ni Ely Callaway, mzee aliyepita ku nguo, akapita ku divai, kisha akaingia gofu akiwa na miaka zaidi ya 60. 1991 akatoa Big Bertha, jina la mzinga wa Wajerumani wa vita vya kwanza vya dunia. Kichwa chake kilikuwa sentimita za ujazo 190. Leo tungekiona kidogo, wakati ule watu waliona kama sufuria ya bukari. Mwaka uliofuata mauzo ya kampuni yake yaliongezeka zaidi ya mara mbili. Na wanunuzi walikuwa nani? Daktari, muuzaji wa magari, mstaafu, watu wanaocheza siku ya posho na kukosa karibu kila mpigo. Kabla ya hapo, wengi wao waliacha draiva mu mfuko juu waliiogopa, wakaanza na fimbo fupi. Callaway aliwauzia ruhusa ya kukosea.

1995 wakaleta titani. Chuma cha pua kiko na uzito wa karibu gramu 8 kwa sentimita moja ya ujazo, titani 4 na nusu. Kwa uzito uleule, karibu gramu 200, ukatengeneza kichwa cha 250, baadaye 300, baadaye 400. Ganda lake jembamba likaanza pia kurudisha mpira kama springi. Mwaka 1993 Bernhard Langer alikuwa ameshinda Masters na draiva ya persimmon, na huyo anahesabiwa kuwa wa mwisho kushinda shindano kubwa kwa mbao. Ufundi wote ule, kuchagua gogo, kukausha, kusoma nyuzi, ulizimika ndani ya miaka kama kumi na tano. Mimi ninaona uchungu kidogo, lakini siwezi kusema wachezaji walikosea.

Gharama nyingine ilikuja polepole zaidi. Wenye nguvu sasa walipiga bila woga, na bila woga mpira unaenda mbali. 1997 John Daly alifikisha wastani wa yadi 302, karibu mita 276, wa kwanza kupita 300 mu hesabu za PGA Tour. Viwanja vikaonekana vifupi. Augusta, pale Masters inapochezwa, kati ya 1999 na 2006 kilirefushwa kutoka karibu mita 6,390 mpaka karibu mita 6,800. Kila mita ya kuongeza ni udongo, maji, mbolea na watu wa kukata majani. Wasimamizi wa sheria walijaribu kushika breki: Wamarekani waliweka kikomo cha springi 1998, na mwaka 2004 kichwa kikafungiwa ku sentimita 460, karibu chupa ndogo ya maji. Callaway alibishana nao juu ya fimbo yake moja, ERC II, na Arnold Palmer mwenyewe akasimama upande wake, akisema mchezaji wa kawaida asiyeshindana aachwe afurahie. Palmer alipigiwa kelele mingi. Mimi ninaona alikuwa anaongea ukweli juu ya wanunuzi, hata kama alikuwa analipwa.

Basi mtu angefikiria hesabu imekwisha: toa kichwa kinachosamehe zaidi, watu watanunua. 2007 walijaribu. Nike na Callaway walitoa draiva za pembe nne, za mraba, uzito umesukumwa nyuma kabisa ku kona. Kwa kipimo cha maabara hazikuwa na mpinzani: ile ya Nike ilikaribia kikomo cha sheria cha kukataa kujipinda. Lakini ilikuwa inalia vibaya! Mtu anapiga ku shimo la 3, wa shimo la 7 anageuka. Na ukiangalia chini kabla ya kupiga, unaona sanduku. Ndani ya miaka michache umbo hilo likapotea ku maduka.

Sisi wa kilimo hiyo tunaijua. Unaleta mbegu ya mahindi inayotoa tani kushinda zote, mama anasaga bunga, anapika bukari mara moja, anakurudishia mbegu yako kwa heshima. Katarasi yako haikuwa na safu ya ladha.

Mpira unagusa kichwa cha draiva kwa karibu nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Wakati sauti inafika ku sikio na mtetemo ku mikono, mpira umeisha kwenda, sauti haiwezi kuubadilisha kitu. Hata hivyo, watafiti wa chuo kikuu cha Loughborough, Uingereza, walipopima wachezaji, walikuta kwamba kile mchezaji anachoita "hisia nzuri" kinafuatana sana na sauti aliyosikia. Mpigo mmoja unaisha, lakini sikio linaamua kama mpigo unaofuata utapigwa na mtu mwenye amani ao mtu mwenye mashaka.

Viwanda vimeisha kuelewa. Pasua draiva ya titani ya siku hizi, ndani ya nyingi utakuta mbavu ndogo zimeshikizwa ku ganda. Haziongezi hata mita moja. Zinaongeza uzito kidogo, ule ambao mainjinia wangependa kuupeleka pembeni. Ziko pale kwa kurekebisha sauti.